Pembe za mraba zinakunjamana ninapozungushia makombe ya kroshia: nakosea wapi?

Mfumaji wa Ujiji:

Habari zenu wafumaji wenzangu, na shikamooni nyote mlionitangulia. Ninaandika kutoka Ujiji, Kigoma, nikiwa na kazi iliyonishinda kwa wiki mbili sasa, na ninamwomba anayejua anielekeze hatua kwa hatua, kwa sababu maelezo mafupi niliyoyapata mpaka leo hayajanitoa nilipokwama.

Ninafuma seti ya vitambaa vya makochi kwa ajili ya mdogo wangu anayeolewa mwaka huu. Vitambaa ni sita, vyote vya mraba, kwa uzi mweupe wa pamba na sindano ya kroshia ya milimita 1.75. Mraba wenyewe sikuuanzia katikati na kuuzungusha. Niliufuma kwa safu, nikienda na kurudi, nguzo 60 kwa upana na safu 30 kwenda juu. Nikisema nguzo ninamaanisha lile fundo refu ambalo uzi huviringishwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Mpaka hapo kitambaa kimelala vizuri, na nilipokikunja pembe kwa pembe kingo zilikutana.

Shida ilianza kwenye pindo. Kwanza nilizungusha mafundo mafupi, yaani yale ambayo uzi hauviringishwi kwanza kwenye sindano, pande zote nne: juu na chini niliweka fundo moja kwenye kila nguzo, na pande za kushoto na kulia, ambako kuna vichwa vya safu tu, niliweka mafundo matatu kwenye kila safu ili kusibaki tundu. Kwenye pembe niliweka fundo moja na kugeuka. Kisha nikaanza makombe: nguzo tano kwenye tundu moja, naruka mafundo mawili, fundo fupi moja, naruka mawili tena, kombe lingine.

Matokeo yake ni kwamba pande mbili zinafanya mawimbi na hazitaki kulala, pembe zote nne zimejivuta ndani kama kitambaa kinataka kuwa bakuli, na kwenye pembe mbili kombe halikuangukia kwenye pembe yenyewe bali kabla yake kidogo, kwa hiyo pembe moja ina kombe na ya pili ina fundo fupi lililokonda. Nilikiweka juu ya mkono wa kochi, na pembe ikasimama kama sikio la sungura. Ningependa pindo lizunguke kama pindo la kanga linavyouzunguka mji, bila kukatika penye pembe. Je, tatizo ni idadi ya nguzo kwenye kombe, au ni mkono wangu unaokaza uzi?

Mama wa Ng'ambo, Tabora:

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa shughuli iliyo mbele yenu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na nimefurahi kwamba umeandika hesabu, maana bila hesabu ningekuwa ninabahatisha. Makombe yako hayana kosa. Kosa liko chini yake, kwenye ule mzunguko wa mafundo mafupi ambao watu wengi huufanya haraka wakidhani ni njia tu ya kufikia urembo. Mzunguko ule ndio msingi, na pembe huharibika au hutengemaa pale, kabla hujafuma kombe hata moja.

Nikueleze kwanza kwa nini pembe inajivuta. Kila mzunguko mpya unapita nje ya ule uliotangulia, kwa hiyo njia yake ni ndefu zaidi, na katika mraba urefu wote huo wa ziada uko kwenye pembe nne, kwa sababu katikati ya upande uzi unakwenda sambamba na mzunguko wa chini yake. Fundo fupi kimo chake kinakaribiana na upana wake, kwa hiyo kila pembe inadai mafundo mawili ya ziada: badala ya moja unaweka matatu kwenye tundu lile lile. Nguzo kimo chake ni kama mara mbili ya upana wake, kwa hiyo pembe ya nguzo inadai nne za ziada: unaweka tano mahali pamoja, au unaweka nguzo mbili, vitanzi viwili vya mnyororo (uzi unaovutwa tu kupitia kitanzi kilicho kwenye sindano), na nguzo mbili nyingine. Ndiyo sababu mraba wa mafundo mafupi huongezeka mafundo 8 kila mzunguko, ilhali mduara wa mafundo hayo hayo huongezeka 6 tu. Wewe kwenye pembe uliweka fundo moja. Pembe ilidai uzi ikaukosa, ikavuta kutoka pande zote mbili, na kitambaa kikainuka.

Mawimbi ya pembeni ni kosa la kinyume chake. Kama kimo cha nguzo ni mara mbili ya upana wa fundo, kichwa cha safu moja ya nguzo kina nafasi ya mafundo mafupi mawili. Ulipoweka matatu, kwenye safu 30 ulipata mafundo 90 mahali panapotosha 60, na mafundo 30 yaliyozidi hayakuwa na pa kwenda isipokuwa juu na chini. Nikiona kitambaa kinafanya mawimbi, ninajua uzi umezidi. Nikiona kinajivuta kuwa bakuli, ninajua umepungua. Kitambaa chako kina magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ulishindwa kukisoma.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya makombe, na hapa ninakuomba uende nami polepole. Kombe lako la nguzo tano, pamoja na mafundo mawili ya kuruka, fundo fupi moja, na mawili mengine ya kuruka, linakula mafundo 6 ya msingi. Ili kombe liangukie juu ya kila pembe, umbali kutoka fundo la pembe hadi fundo la pembe inayofuata ni lazima ugawanyike kwa 6 bila kubaki kitu. Katika yale matatu unayoyaweka kwenye pembe, lile la katikati ndilo fundo la pembe; litie alama kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine. Juu una nguzo 60. Ya kwanza na ya mwisho ni pembe, zinabaki 58. Ongeza fundo moja la ubavuni kutoka kila pembe, unapata 60 kati ya alama na alama. Lakini unataka 59, ili ukijumlisha hatua ya mwisho ya kufikia alama upate 60 kamili, ambayo ni 6 mara kumi. Basi ruka nguzo moja tu katikati ya upande, ambapo haitaonekana, na umemaliza. Upande wa chini ni vivyo hivyo. Pande za vichwa vya safu weka mawili kwa kila safu. Mawili ya kwenye ncha yamekwisha kumezwa na pembe, yanabaki 58, nawe ruka moja kama ulivyofanya juu. Ukizunguka kote uwe na mafundo 240. Yahesabu kabla hujaendelea, upande mmoja mmoja, kidole kwenye kila fundo. Mimi hufuma tangu ujana wangu na bado ninahesabu kwa kidole.

Ukifika kwenye makombe, pande zote zibaki na nguzo tano kama ulivyofanya, lakini kombe la pembe liwe na nguzo saba. Kombe la upande linafunguka kama kipepeo kilicholala, bali la pembe linalazimika kugeuka robo nzima ya duara, na nguzo tano zitabanwa mpaka zitoe matundu makubwa katikati. Kama mkono wako unakaza sana, weka tisa. Fuma pembe moja, laza kitambaa mezani, kipitishie kiganja bila kukibonyeza, na ukiona pembe imetulia bila kusaidiwa ndipo uende kwenye ya pili. Kila upande utakuwa na makombe tisa kati ya pembe na pembe, na mafundo mafupi kumi ya kuyatenganisha.

Fumua pindo lote, mwanangu. Ninajua linauma, lakini uzi wa pamba ukifumuliwa kwa utaratibu na kuviringishwa kwenye kipande cha boksi unarudi kazini bila shida.

Fundi wa Mwanga, Kigoma:

Dada yangu, mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, na mke wangu ndiye mfumaji, kwa hiyo ninachangia upande ninaoujua mwenyewe. Yote aliyosema Mama ni sahihi, ila ninataka kuwasaidia wanaosoma hapa ambao mraba wao si wa kufuma bali ni wa kitambaa cha dukani kinachozungushiwa kroshia, kwa maana pembe zao zina ugumu wa namna nyingine.

Kitambaa hicho hukunjwa pindo kwanza, na penye pembe mikunjo ya pande mbili hulaliana mpaka panakuwa na tabaka nyingi ambazo sindano ya kroshia haipenyi. Mteja huniletea akilalamika kwamba sindano imepinda au pembe imetoboka. Dawa yake ni kukata kipembetatu kidogo kwenye ncha kabla ya kukunja, kisha kukunja ncha yenyewe kwa mshazari, ndipo pande mbili zikunjwe na kukutana kwenye mstari mmoja unaotoka pembeni kwenda ndani. Pembe inabaki nyembamba na yenye ncha safi. Baada ya hapo toboa matundu kwa sindano nene, yakiachana nusu sentimita hivi, na tundu moja liwe kwenye pembe kabisa. Tundu hilo ndilo linalobeba mafundo matatu aliyoyasema Mama. Asiyetoboa tundu la pembe hulazimika kuruka kutoka upande hadi upande, na uzi ukiruka pembe hukata kona kama mpita njia anayekatiza shamba la mtu, na pembe ya kitambaa inabaki nje ya pindo.

Kuhusu nguzo tisa, ninatofautiana kidogo na Mama kwa heshima. Kwa uzi mwembamba wa pamba tunaouona hapa nyumbani, saba hutosha, na tisa hujazana mpaka kombe linageuka ua lililosimama. Kama saba zinaonekana zimebanwa, mke wangu haongezi nguzo; anatia kitanzi kimoja cha mnyororo kati ya nguzo na nguzo kwenye kombe la pembe pekee. Pembe inapata nafasi na inabaki nyepesi, na mwanga unapita ndani yake vizuri sana.

Mkazi wa Urambo:

Naomba niongeze jambo moja ambalo nadhani limewaumiza wengi, na huenda ndilo lililompoteza dada yetu kama alifuata mchoro wa kwenye simu. Maelezo ya Kiingereza hayafanani kati ya Marekani na Uingereza. Fundo ambalo Wamarekani huliita dabo ndiyo nguzo yetu, ilhali Waingereza nguzo hiyo hiyo huiita trebo, na wao wakisema dabo wanamaanisha fundo fupi. Mtu akisoma kwamba pembe ina dabo tatu, kwa Mwingereza ni mafundo mafupi matatu na pembe italala, lakini yeye akifuma nguzo tatu kwa kudhani ni Mmarekani pembe itajivuta, kwa sababu nguzo ilidai tano. Kabla ya kufuata maelezo yoyote tafuta kama yametaja fundo fupi kwa jina la Kimarekani, ambalo ni singo (single crochet). Waingereza hawalitumii jina hilo, kwa hiyo likionekana utajua uko upande gani.

Pia, kwa asiyependa makombe, matao ni rahisi zaidi kwenye pembe. Unafuma vitanzi vitano vya mnyororo, unaruka mafundo matatu, unafunga kwa fundo fupi. Penye pembe tao liwe la vitanzi saba na liruke fundo la pembe peke yake, likiwa limeshikwa na mafundo mawili ya ubavuni. Mzunguko unaofuata unajaza kila tao kwa mafundo mafupi na kinundu katikati, yaani vitanzi vitatu vilivyofungwa kwenye kitanzi cha kwanza. Kwenye tao la pembe mimi huweka vinundu vitatu, na cha katikati kinakaa kwenye ncha kabisa. Hata hesabu ikipungua fundo moja upande, tao husamehe, kombe halisamehi.

Mfumaji wa Ujiji:

Shikamoo tena Mama, na ninawashukuru nyote kwa moyo. Nilifumua pindo lote jana usiku na kuanza upya. Nilipata 240 kwa mara ya tatu ya kuhesabu. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimesahau kuruka moja kwenye pande za vichwa vya safu. Mawimbi yamekwisha kabisa. Nilifuma pembe kwa nguzo saba kama mlivyoshauri, na nilipolaza kitambaa juu ya meza na kukipitishia kiganja, nilihisi pembe tatu zimelala kama karatasi.

Pembe ya nne ndiyo inayonisumbua. Si kwamba inasimama, bali kombe lake upande mmoja limebonyea, kama mtu amelikandamiza kwa kidole, na nguzo yake ya kwanza imelala ubavu. Hiyo ndiyo pembe niliyoanzia mzunguko: nilianza kwa vitanzi vitatu vya mnyororo kuwa badala ya nguzo ya kwanza, nikaongeza nguzo sita, na mwisho nikaunganisha juu ya vile vitanzi vitatu. Nimehesabu, ni saba kamili. Inakuwaje hesabu iwe sawa na umbo liwe baya?

Mama wa Ng'ambo, Tabora:

Marahaba. Hapo hesabu haina lawama, ni mahali pa kuanzia. Kombe linapendeza kwa sababu ubavu wake unashuka huru mpaka kwenye fundo fupi la jirani. Wewe ulipounganisha juu ya vitanzi vya kwanza, uliufunga ubavu huo kwenye fundo fupi la mwisho wa mzunguko, na badala ya kushuka ukavutwa. Tena vitanzi vitatu vya mnyororo ni vyembamba kuliko nguzo halisi, kwa hiyo vinaonyesha kila mvuto.

Usianzie pembe kamwe, wala usianzie kombe. Anzia kwenye fundo fupi katikati ya upande. Chukua fundo la pembe kuwa sifuri, hesabu mpaka 27, fungia uzi wako hapo kwa fundo fupi, ruka mawili, fuma kombe la kwanza kwenye la 30, na uendelee kuzunguka. Ukirudi mwisho utafika kwenye fundo fupi lile lile la kwanza. Ingiza sindano ndani yake, vuta uzi upite, kata, na ufiche mkia kwa nyuma kwa kuupitisha chini ya mafundo sita au saba. Hata mimi nikikishika mkononi sitajua ulianzia wapi. Kwa kitambaa hiki ulichomaliza si lazima ufumue chote: kata pale ulipounganisha, fumua kombe la pembe na lile lililotangulia, ingiza uzi mpya kwenye fundo fupi, ufume upya makombe hayo mawili kwa nguzo halisi.

Vikiisha vyote sita, vifue, na vikiwa bado na unyevu vichovye kwenye wanga mwepesi wa muhogo uliochujwa, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Tandika shuka safi juu ya godoro, bana fundo la pembe kwa pini kwanza, pembe zote nne, ukipima kwa rula pande ziwe sawa, kisha ndipo ubane ncha za makombe moja moja. Acha vikauke kivulini. Uzi wa pamba utashika umbo hilo mpaka ufuliwe tena. Kama kuna mtu anafuma kwa akriliki, asitegemee wanga wala maji, kwa maana uzi ule haushiki umbo kwa namna hiyo, na pasi yenye moto mkali huuyeyusha. Yeye pembe yake ilale tangu kwenye sindano.

Mfumaji wa Ujiji:

Nimerudia kama ulivyosema, Mama, nikaanzia kwenye 27. Nimekizungusha kitambaa mezani mara kadhaa, na ilinibidi nikigeuze nyuma nitafute mkia wa uzi ndipo nijue pembe ile ya nne ilikuwa ipi. Leo jioni ninaanza mzunguko wa msingi wa kitambaa cha pili, na alama za uzi mwekundu nimeshazifunga kwenye pembe zote.